Jora la Merikani na Kengele ya Lowell

Mkuu wa chuo, walimu, wazazi mliofika, na ninyi wajukuu zangu mnaomaliza mafunzo mwezi huu: assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Waliobaki, habari za asubuhi. Na wale walioniamkia pale getini, marahaba sana. Mmoja aliniamkia huku anatafuna muwa, nimemsamehe.

Mwalimu aliyenialika alitaka nizungumzie historia ya viwanda. Nikamwambia hiyo ni safari ndefu, na magoti yangu hayafiki. Nitazungumzia kitambaa kimoja. Lakini kwanza niwaeleze kilichonileta kwenye kitambaa hicho.

Kabla ya kuwa mwalimu nilifanya kazi miaka saba katika kiwanda cha nguo, upande wa kufuma. Jina la kiwanda nitaliacha. Wale mliokwisha kuingia ukumbi wa kufumia mnajua hali yake: hata ukiitwa sikioni husikii. Tulikuwa tunasomana midomo. Mpaka leo nikitazama taarifa ya habari huwa nazima sauti bila kufikiri, na wajukuu wangu wanadhani bibi anachezea rimoti.

Mwaka 1978 tuliongezewa mashine. Kila mmoja alikuwa na nne, zikawa sita, mshahara uleule. Tukaenda wanawake watano kwa msimamizi. Alitusikiliza vizuri, simsingizii. Alipomaliza kutusikiliza akasema: "Dada zangu, kila nchi yenye viwanda ilianza hivi. Hata Marekani walianza hivi. Hii ni hatua, vumilieni." Tukarudi kwenye mashine. Sikuwa na la kumjibu, maana sikujua Marekani walianza vipi. Jibu nilikuja kulipata baada ya miaka zaidi ya kumi, nikiwa maktaba najiandaa kuwafundisha watoto wa kidato cha tatu. Kwa hiyo leo mnisikilize ninyi, ila ninayemjibu ni yeye.

Nani hapa anakijua kitambaa cha merikani? Nyosheni mikono. Naona mikono minne, na mmoja ni wa mwalimu. Haya. Ni kitambaa cha pamba, kizito, hakijapaushwa, rangi yake kama ganda la karanga. Wengine wanasema marekani, majirani zetu Kenya wanasema amerikani. Ukikitia nili kinakuwa kaniki. Bibi zetu walivaa hiyo, na waliozaliwa utumwani walivaa hiyo zaidi kuliko wengine.

Kwa miongo kadhaa ya karne ya kumi na tisa, ukitoka Bagamoyo kwenda Tabora hadi Ujiji, kitambaa hicho kilikuwa pesa. Mpagazi alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo thelathini na kidogo, mara nyingi ni majora ya merikani yaliyofungwa kama mto mrefu. Ulilipa chakula kwa merikani. Ulilipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa machifu wa Ugogo kwa merikani, na ukibisha kuhusu kiasi ulikaa pale mpaka maji yakuishie. Kipimo kilikuwa shuka, mikono minne, na doti, mikono minane. Mkisema leo "doti ya kanga" mnatumia kipimo cha misafara ile.

Jina lake linatuambia kilikotoka. Mwaka 1833 Sayyid Said, Sultani wa Omani na Unguja, aliwekeana mkataba wa biashara na Wamarekani, ukatiwa saini Maskati. Mwaka 1837 balozi wao mdogo wa kwanza, Richard Waters, mfanyabiashara wa mji wa Salem, alifika Unguja, na haikumchukua muda kuelewana na Jairam Shivji aliyeshika forodha. Mwaka 1840 jahazi la Sultani, Sultana, chini ya Ahmad bin Na'aman, lilivuka bahari mpaka New York likiwa na tende, kahawa, karafuu na pembe, likarudi na mabalo ya merikani. Kutoka kwetu Wamarekani walichukua sandarusi ya kutengenezea vanishi, ngozi, na pembe za ndovu. Pembe nyingi zilikwenda jimbo la Connecticut kukatwa vibao vya piano. Kuna mji huko unaitwa Ivoryton, yaani mji wa pembe. Hayo ya pembe yanahitaji siku yake.

Jimbo la jirani, Massachusetts, ndiko lilikofumwa jora. Na huko ndiko alikonituma msimamizi wangu bila kujua.

Palikuwa na tajiri mmoja wa Boston, Francis Cabot Lowell. Kati ya 1810 na 1812 alikuwa Uingereza, akatembelea viwanda vya nguo. Waingereza walikataza mashine na michoro yake kutoka nje ya nchi, kwa hiyo yeye alitazama tu na kukariri. Aliporudi kwao akamchukua fundi hodari, Paul Moody, wakaunda mashine ya kufuma inayoendeshwa kwa nguvu ya maji. Wajukuu zangu, mkisikia watu wanasema fulani ni hodari wa kunakili tu, mkumbuke na huyu alinakili kwa kichwa. Alikufa 1817. Wenzake wakaenda kwenye maporomoko ya mto Merrimack, wakachimba mifereji, wakajenga mji wa viwanda, wakaupa jina lake. Kiwanda cha kwanza pale kilianza kufuma mwaka 1823.

Shida yao ikawa watu. Uingereza walikuwa wamejaza viwanda watoto na mafukara, na habari za mateso yale zilikuwa zimevuka bahari. Matajiri wa Boston hawakutaka sifa ile. Wakaenda vijijini kuwachukua mabinti wa wakulima, wengi wa miaka 15 mpaka 30, hawajaolewa. Wakawajengea nyumba za kupanga zinazosimamiwa na mama wa makamo, mara nyingi mjane. Saa nne usiku mlango unafungwa. Jumapili kanisani, ni lazima. Wazazi wakaona ni salama, wakawaruhusu. Wageni kutoka nchi za nje walipelekwa Lowell kuonyeshwa, wakashangaa: mabinti wanavaa vizuri, wanasoma vitabu, wana hata jarida lao wanaloandika wenyewe. Na hayo yalikuwa kweli. Kwa binti ambaye hajawahi kushika senti iliyo yake, mshahara ule ulikuwa kitu. Wengine walisomesha kaka zao. Simnyang'anyi mtu furaha yake.

Lakini mgeni alipelekwa mchana, kwa saa moja.

Binti mwenyewe aliamshwa na kengele saa kumi na nusu alfajiri. Wakati wa kiangazi kazi ilianza saa kumi na moja alfajiri, ikaisha saa moja usiku. Katikati kulikuwa na nusu saa ya kifungua kinywa na robo tatu ya chakula cha mchana, na hizo ni pamoja na kukimbia mpaka nyumbani na kurudi. Siku sita. Kwa wastani ilikuwa kama saa 73 kwa wiki. Kengele ndiyo iliyokuwa bwana wa mji: ya kuamka, ya kuingia, ya kula, ya kutoka, ya kulala. Mabinti wale walilelewa mashambani, na shambani kazi ni nyingi lakini jua ndilo linalokuambia, na ukichoka unakaa chini ya mti. Nadhani hiyo ndiyo iliyowauma kuliko uzito wa kazi wenyewe. Mimi pia nilitoka shamba. King'ora cha kwanza kiwandani kilinifanya nilie, sijui hata kwa nini.

Madirisha hayakufunguliwa. Ninyi mafundi mnajua sababu: hewa ikikauka uzi unakatika. Kwa hiyo walifunga madirisha na kupuliza mvuke ndani, joto na unyevu juu ya vumbi la pamba. Vumbi lile linaingia mapafuni, baada ya miaka mtu anakohoa kila Jumatatu anaporudi kazini. Mimi nilijifunga kanga puani. Kulikuwa pia na kile kidude cha mbao kinachopitisha mshindio, yaani uzi wa kukatiza, huku na huku kati ya nyuzi za mtande, zile zilizonyooshwa kwa urefu. Uzi ukiisha, mfumaji anaweka mpya kwa kunyonya ncha yake kupitia tundu dogo kwa mdomo. Kidude kimoja kinapita midomo ya watu wengi. Kifua kikuu hakihitaji mwaliko mwingine.

Mwaka 1845 mfanyakazi mmoja, Eliza Hemingway, alisimama mbele ya kamati ya baraza la kutunga sheria la Massachusetts akaeleza chumba chake. Watu kama 150 ndani, na majira ya baridi, asubuhi na jioni, huwashwa taa ndogo 293 na taa kubwa 61. Za mafuta, katika chumba kilichofungwa. Napenda ushahidi wa namna hiyo. Hakuja kulia. Alihesabu taa.

Nirudi nyuma kidogo. Februari 1834 kampuni zilitangaza kupunguza mshahara. Mabinti kama 800 waliacha mashine wakatoka barabarani wakiandamana. Siku chache tu wakashindwa, wengine wakarudi kazini, wengine wakarudi kwao. Magazeti yalishtuka kuona wanawake wanaandamana kuliko yalivyoshtuka kuona mshahara unakatwa. Hesabuni sasa: kiwanda kilianza 1823, na mwaka 1834 ndio huo. Miaka kumi na moja tu! Msimamizi wangu aliposema "walianza hivi", alisahau sehemu hiyo. Ndiyo, walianza hivi, na waliosimama kwenye mashine walikataa kabla mtaa wa kwanza haujachakaa.

Oktoba 1836 walitoka tena, zaidi ya 1,500, baada ya gharama za chakula na malazi kupandishwa. Safari hii walijipanga vizuri, na baadhi ya kampuni zikarudi nyuma. Kulikuwa na mtoto wa miaka 11 anaitwa Harriet Hanson. Alianza kazi akiwa na miaka 10, kazi ya kubadilisha bobini za uzi zilizojaa, dola mbili kwa wiki. Watoto wa kazi ile walihitajika kama robo saa katika kila saa, muda unaobaki wakicheza au kusoma, lakini ilibidi wawepo siku nzima, karibu saa kumi na nne. Siku ya mgomo vyumba vya juu vilitoka kwanza. Chumba chake kikasitasita. Wakubwa wakaanza kuulizana wafanye nini, watoke au wasitoke. Yule mtoto akachoka kusubiri, akasema yeye anakwenda, wengine wakitaka wabaki. Akatoka. Alipogeuka nyuma akaona msururu mrefu unamfuata.

Mama yake alikuwa msimamizi wa nyumba mojawapo ya kampuni. Akafukuzwa. Wakala wa kampuni alimwambia kwamba wale wengine hakuweza kuwazuia, lakini bintiye angeweza. Harriet alikuja kuyaandika haya utu uzimani, na hakujutia, ingawa mjane yule alikuwa na watoto wanne wa kulisha. Mimi sehemu hiyo nimeisoma mara nyingi. Sisi watano tulikuwa na watoto. Hatukutoka.

Sasa ngoja niwape lile lililonifanya nisimame pale maktaba mpaka mhudumu akaniuliza kama naumwa. Miaka ya 1840 mashine zikaongezwa kasi, na kila mfumaji akaongezewa mashine: aliyekuwa na mbili akapewa tatu, kisha nne. Mnaona? Nilidhani nasoma barua ya kutoka kiwandani kwetu. Sarah Bagley, mfumaji, pamoja na wenzake wakaunda chama cha wanawake wafanyakazi, wakazunguka na karatasi ya kuomba saa za kazi ziwe kumi kwa siku. Zaidi ya watu 2,000 wa Lowell na miji mingine walitia saini. Ndiyo ikaundwa ile kamati aliyokwenda kuhesabia taa Eliza Hemingway.

Kamati iliongozwa na William Schouler, mbunge wa Lowell, ambaye pia alikuwa na gazeti lililopendelea kampuni. Wakasikiliza. Wakaenda kiwandani wakaona maua madirishani, wakayaandika kwenye ripoti. Mwisho wakakubali kwamba kasoro zipo. Lakini dawa, wakasema, haiko mikononi mwa baraza. Itakuja kwa maendeleo ya sanaa na sayansi, na kwa watu kupunguza kupenda fedha.

Yaani, hii ni hatua. Vumilieni.

Nilicheka peke yangu. Miaka 130 na zaidi, bahari nzima katikati, na jibu lilelile! Ila wenzetu hawakurudi kwenye mashine kimya kama sisi. Hawakuwa na kura, wanawake hawakuruhusiwa kupiga kura, lakini walimtangaza Schouler mji mzima, na uchaguzi uliofuata alianguka. Mwaka 1847 kampuni ziliongeza robo saa kwenye muda wa kula. Mwaka 1853 zikashusha siku ya kazi kuwa saa kumi na moja. Sheria ya saa kumi kwa wanawake na watoto ilipita Massachusetts mwaka 1874. Binti aliyetia saini akiwa na miaka 16 alikuwa na miaka 45. Sanaa na sayansi hazikumletea. Robo saa ile, saa ile moja, kila moja ilikuwa na watu walioisukuma.

Kuna jambo jingine siwezi kuliruka. Pamba yenyewe. Ilitoka kusini, Georgia, Alabama, Mississippi, ikachumwa na watumwa weusi, watu waliotolewa bara letu hili. Viwanda vya Lowell vilifuma hata kitambaa kinene maalumu cha kuwavisha watumwa walewale. Halafu merikani inafika Unguja, inapanda bara, inabadilishwa kwa pembe na mara nyingine kwa binadamu. Mabinti wa Lowell wenyewe wakati wa migomo waliimba kwamba hawatakuwa watumwa, na wengine wao kweli walijiunga na vyama vya kupinga utumwa. Lakini uzi walioushika ulikuwa umekwisha kupita mikononi mwa mtumwa. Sina namna ya kulifanya hili lipendeze.

Januari 10, 1860, karibu na jioni, kiwanda cha Pemberton katika mji wa Lawrence, chini kidogo ya Lowell kwenye mto uleule, kilianguka chote na watu mamia ndani. Jengo la orofa tano, lenye umri wa miaka saba tu. Nguzo za chuma cha kumimina zilikuwa na kasoro, upande mmoja mnene upande mwingine mwembamba, na juu yake zikapandishwa mashine nzito. Watu wakachimba kifusi wakiwatoa walio hai. Usiku taa ya mwokoaji mmoja ikavunjika, mafuta yakamwagika kwenye pamba, moto ukawaka juu ya waliokuwa bado wamebanwa chini, wanazungumza na ndugu zao. Hesabu ya waliokufa hutajwa kati ya 88 na 145. Wengi walikuwa wahamiaji wa Ireland, kwa sababu kufikia wakati huo mabinti wa mashambani walikuwa wameanza kukataa kazi ile, na njaa ya Ireland ilikuwa imeleta watu wasio na pa kurudi. Nguzo yenye kasoro ni hatua gani ya maendeleo? Mtu aliipokea, mtu akailipia, mtu akaisimamisha.

Mwaka uliofuata vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza. Pamba ya kusini ikakatika. Kampuni za Lowell, badala ya kungoja, ziliuza akiba yao ya pamba kwa bei kubwa na kuwaachisha kazi watu wapatao 10,000. Unguja merikani ikaadimika. Wafanyabiashara wakaleta kitambaa cha Uingereza, kisha cha Bombay, ambako kiwanda cha kwanza cha pamba kilianzishwa 1854. Watu wa bara walikipima kwa vidole wakakinung'unikia, lakini wakakizoea. Na jina halikubadilika! Kinatoka Bombay, kinaitwa merikani.

Huko Bombay nako wakaanza upya, kana kwamba hakuna aliyekwisha kuhesabu taa. Sheria ya viwanda ya India ya 1881 ilizuia watoto chini ya miaka 7. Wa miaka 7 mpaka 12 iliwaruhusu saa tisa kwa siku. Hiyo ndiyo iliyokuwa nafuu. Mwaka 1884 Narayan Meghaji Lokhande, aliyewahi kufanya kazi kiwandani, aliwakusanya wafanyakazi wa Bombay, na mwaka 1890 wakapata siku moja ya mapumziko kwa wiki, Jumapili. Kama kweli hizi zingekuwa hatua, kama mtoto anavyoota meno, Bombay wangeanzia pale Lowell walipofikia, maana mashine walinunua zile mpya. Mashine zilisafiri. Saa kumi hazikusafiri.

Nimeona mwalimu ananyosha kidole, muda umekwisha. Kuna binti pale mbele ameniuliza kabla hatujaanza kama merikani bado inauzwa. Ipo, mjukuu wangu. Nenda duka lolote la vitambaa la zamani, muulize mzee mwenyewe, usimuulize kijana wake. Atakutolea jora kutoka rafu ya chini. Nimeleta kipande hapa, yadi mbili, kipitisheni kwa wenzenu mpaka nyuma. Kiguseni ukingoni. Mwenye jora aliniruhusu kusoma mhuri wa kiwanda, lakini ulikuwa umefutika, yakabaki maandishi mekundu ya namba ya shifti.